Kisutu na Shela: Historia ya Nguo ya Bibi Arusi wa Pwani

Husemwa mara nyingi katika vikao vya harusi, na tumepata kulisikia likirudiwa hata katika midahalo ya shule za sekondari, kwamba gauni jeupe na shela ni mavazi ya kuazima kutoka Ulaya, ilhali nguo ya asili ya bibi arusi wa pwani yetu ni kanga. Kauli hiyo ni tamu masikioni, nasi wenyewe tuliishika kwa miaka mingi, hata tukaitungia beti katika ujana wetu. Mwaka uliopita, tulipokuwa tukimwoza binti yetu, tuliizunguka Kariakoo kwa siku mbili pamoja na mama yake na shangazi zake, asubuhi katika maduka ya shela, jioni katika maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Shela alilolipenda binti lilikuwa limeshonwa Uchina. Doti ya kisutu waliyoipenda shangazi zake, tulipoikunjua na kuitazama ukingoni, ilikuwa na chapa ya kiwanda cha India. Shangazi mkubwa akacheka, akasema kwamba nguo zote mbili zimeshuka meli moja. Maneno yake hayo ndiyo yaliyotufanya tuvirudie vitabu, na ndiyo yaliyozaa makala haya.

Si kweli kwamba wazee wetu wa kale hawakujua kufuma. Waliochimba magofu ya Kilwa waliokota vigae vingi vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitiwa kwenye vijiti vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa mpaka Misri. Wareno walipofika waliikuta Pate ikisifika kwa vitambaa vyake. Na bara, katika Ufipa na Unyamwezi, vitanda vya mfumi vilikuwa vikifanya kazi hata karne ya 19. Lakini hata katika enzi hizo ufumaji wetu haukujifungia ndani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza habari za mafundi wa Sofala, katika Msumbiji ya leo. Wao walikuwa na pamba yao nyeupe lakini hawakuwa na rangi, basi wakinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, huko India, wakizifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakiufuma tena uzi ule pamoja na wao mweupe. Tunaomba msomaji aishike habari hiyo ya Sofala, kwa maana tutakutana nayo tena kwa sura nyingine.

Ufumaji huo uliuawa na kitambaa kimoja, nacho ni merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika Unguja. Merikebu zilitoka hasa katika bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts, zikileta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Kilidumu kuliko vya wengine na bei yake ilikuwa nafuu, basi kikapendwa mpaka kikawa ni fedha. Mchukuzi wa misafara alilipwa kwa merikani, na mtemi wa njiani alilipwa hongo kwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake. Jina lakini lilibaki, na mpaka leo wazee wataitaja merikani kwa kitambaa ambacho hakijapata kuiona Marekani.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikaja kuwavika watumwa weusi wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mwanamke mtumwa alijifunga shuka moja ya merikani juu ya matiti, au merikani hiyo hiyo iliyotiwa nili ikawa nyeusi, ikaitwa kaniki. Kichwa chake kilikuwa wazi. Kujitanda na kufunika kichwa lilikuwa ni vazi la waungwana. Na mtu aliyepita njiani aliweza kumtambua mwenye uhuru na asiye na uhuru kabla hajamwuliza jina.

Basi harusi ya mtumwa ilikuwaje? Hakuoa wala hakuolewa ila kwa idhini ya bwana wake, na mahari ya mwanamke mtumwa yalikuwa haki ya bwana, wala si yake. Atakaye kujua zaidi na asome kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903, ambamo mambo ya arusi na mambo ya utumwa yameelezwa kwa Kiswahili chepesi na mtu aliyeyaona kwa macho yake. Sisi tunataja jambo hili kwa sababu moja tu. Yule anayesema kwamba kanga ni nguo ya asili ya bibi arusi, inampasa aulizwe: ya bibi arusi yupi? Kwa maana walikuwapo wengi, katika pwani hii hii, ambao siku ya kuolewa hawakuwa na haki ya kipande cha pili cha nguo.

Kipande cha pili! Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Asili yake, kama inavyosimuliwa, ni leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Katika miaka ya mwisho mwisho ya karne ya 19, wanawake wa mjini walikuwa wakinunua leso za mraba zilizokuwa zikiuzwa kwa mkanda bila kukatwa, wakizishona tatu juu ya tatu, wakapata nguo moja pana yenye mapambo ambayo hapakuwa na duka lililoyauza. Fundi wa Sofala alifumua cha watu akafuma chake, na mwanamke wa Unguja na Mombasa alikata cha watu akashona chake. Wafanyabiashara walipoona hivyo hawakuchelewa. Wakaagiza vitambaa vizima vilivyopigwa chapa kwa mfano ule, kwanza kutoka Uholanzi, Uingereza na India, na baadaye Japani. Mmoja wao, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana katika habari za kuingizwa kwa misemo katika kanga. Misemo hiyo, ambayo wenyewe huiita jina la kanga, iliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi tunazotumia sasa.

Wakati huo huo sheria za utumwa zilikuwa zikivunjika moja baada ya moja: Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hazikuvunjika kwa ukarimu, na aliyeachwa huru aghalabu aliachwa bila shamba wala nyumba. Lakini mwanamke aliyechuma karafuu kwa ujira, au aliyeuza vitumbua, aliweza kwenda dukani na fedha yake mwenyewe. Alinunua nini? Wanahistoria walioichunguza Unguja ya miaka ile wameeleza jinsi kaniki ilivyotupwa na kanga ikashikwa, na jinsi wanawake walivyozipokea chapa mpya kila zilipoteremshwa bandarini. Wakoloni waliona huo ni upuuzi na ubadhirifu. Sisi twaona vingine. Mtu ambaye mama yake alizuiwa kufunika kichwa, naye sasa ananunua vipande viwili, si mbadhirifu.

Katika jamii yote ya kanga, iliyotengwa kwa ajili ya bibi arusi ni kisutu. Tusikichanganye na mtaa wa Kisutu uliopo Dar es Salaam. Kisutu tunachokusudia ni kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo mapambo yake hayakubadilika sana tangu zamani, na kilicho halisi hakina jina. Kina pindo na kina mji, basi, hakisemi neno. Tumekwisha kuwauliza wazee wengi sababu yake na kila mmoja ametupa yake. Kwa maoni yetu, kanga yenye jina hununuliwa ili imsemeshe mtu, jirani au mke mwenza au wifi, na bibi arusi siku hiyo hana wa kugombana naye. Hayo ni maoni ya mshairi, na msomaji anaruhusiwa kuyakataa.

Twende sasa kwenye ununuzi wenyewe. Katika desturi tulizozikuta, bibi arusi hakwenda dukani. Alikuwa ndani, mikononi mwa somo wake. Waliokwenda dukani ni watu wa upande wa mume, na walichonunua hakikuwa cha bibi arusi peke yake. Palikuwa na mkaja, yaani kitambaa cha kujifunga tumbo baada ya kuzaa, nao alipewa mama wa binti kwa kukumbuka uchungu wake. Palikuwa na ubeleko, ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kwa kukumbuka alivyomlea. Palikuwa na kilemba cha baba. Kisha likaja sanduku la binti mwenyewe, lenye doti kadha wa kadha na kisutu juu yake, likafunguliwa mbele ya wanawake, na kila nguo ikainuliwa ikaonyeshwa. Siku hizi majina hayo yangali yakitajwa katika orodha za posa, lakini hulipwa kwa noti. Kijana mmoja wa ofisini kwetu alilipa ubeleko bila kujua kwamba neno hilo lina maana yoyote nje ya karatasi ile.

Gauni jeupe nalo si la kale sana huko kwao. Bibi arusi wa Ulaya wa zamani aliolewa na nguo yake nzuri kuliko nyingine, iwe nyekundu au ya buluu, hata nyeusi. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa satini nyeupe yenye lesi, na baada yake matajiri wakaiga, na baada ya matajiri wakaiga wengine. Yaani gauni jeupe na biashara ya merikani katika Unguja ni watu wa rika moja. Kwetu lilifika kwa njia ya misheni. Huko Bonde, nyumbani kwa wazazi wetu, misheni ya Magila iliwaingiza watu wengi katika Ukristo tangu karne ya 19, na pamoja na kitabu cha sala likaja na cherehani. Mafundi Wagoa wa mjini walishonea wenye nacho. Wengine walishonewa na fundi wa kibarazani kwa kitambaa cha bafta. Halikubaki kanisani, katika nusu ya pili ya karne ya 20 mabibi arusi wa Kiislamu nao walilichukua, wakalivaa siku ya kukaa mbele za watu, na kisutu wakakiweka kwa siku ya ndani.

Baada ya Uhuru jambo la mavazi likawa la taifa. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina, kilifunguliwa Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza kanga nyingi zikapigwa chapa hapa hapa, na pamba ya hapa hapa. Mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ukaamua kupiga marufuku sketi fupi, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Mambo hayo yalizua ubishi mkubwa magazetini. Gauni la harusi halikuguswa. Labda waliopanga orodha ile walikuwa na dada zao.

Mtihani mkubwa wa nguo hizi mbili ulikuja baadaye, nasi tuliuona. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ilipopanda, nchi ilikosa fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri na rangi, na maduka yakabaki na rafu tupu. Dada yetu mkubwa aliolewa Tanga mwaka 1983, sisi tukiwa kijana wa shule. Hapakuwa na duka lolote Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, lililokuwa na kitambaa cha gauni, wala cha shuka. Lakini katika mtaa wetu palikuwa na shela moja. Mwenyewe alikuwa mke wa mwalimu, naye alilinunua Mombasa kabla mpaka wa Kenya haujafungwa mwezi Februari 1977. Shela hilo lilimwoza kila binti wa mtaa aliyeolewa katika miaka ile. Lilibanwa likapanuliwa, likapanuliwa likabanwa, hata mishono yake ya kiunoni ikawa na alama kama za ngazi. Utaji wake ulikwisha kuchakaa, ukawekewa mwingine wa chandarua. Hakuna aliyelipa kodi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba litakaporudishwa lirudi na kipande cha sabuni, kwa sababu sabuni nayo ilikuwa adimu, na anayefuata atahitaji lifuliwe.

Kisutu kipya nacho hakikupatikana. Shangazi yetu wa Pangani aliondoka kwake alfajiri na basi, akafika na kile alichoolewa nacho yeye, amekikunja ndani ya gazeti, kinanuka udi. Kilikuwa kimepauka, nyekundu yake imekuwa kama udongo. Dada alilia alipokiona, nasi kwa ujinga wa utoto tulidhani analia kwa sababu ni kikuukuu. Jioni alifungwa kipande kimoja na kutandwa cha pili. Kisutu hicho anacho mpaka leo.

Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilifunguliwa. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, mitumba ikaingia, na baada ya muda maduka ya mambo ya harusi yakaanza kuonekana. Sasa ni mitaa mizima. Shela zimetundikwa mpaka nje, na sanamu za plastiki zisizo na vichwa zimevalishwa lesi na shanga. Tofauti kubwa na zamani ni mbili. Ya kwanza ni kwamba bibi arusi huenda mwenyewe, huchagua mwenyewe, hujitazama kwenye kioo na kusema hili silitaki. Wapo wazee wanaolilaumu jambo hili; sisi hatulilaumu. Tumekwisha kueleza juu jinsi ilivyokuwa kwa wale ambao hawakuchagua chochote.

Ya pili ni kwamba wengi hawanunui, hukodi. Kodi ya siku tatu kwa shela alilolipenda binti yetu ingenunua doti ishirini za kanga na chenji ikabaki, na juu ya hapo tuliwekeshwa amana. Tuliuliza amana ni ya nini. Tuliambiwa ni ya madoa. Mpwa wetu mmoja, aliyeolewa miaka miwili kabla, alipoteza amana yake yote katika duka jingine kwa sababu ya tope la kidole kimoja kwenye upindo, na harusi yake ilikuwa ya mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Bibi arusi asikanyage tope mwezi wa Aprili, apite wapi?

Hatusemi kwamba kukodi ni aibu. Mtaa wetu wa mwaka 1983 ulikuwa na shela moja kwa mabinti wote, na mtu aweza kusema kwamba hilo nalo ni duka la kukodisha bila bei. Lakini shela lile tulijua limemvika nani kabla ya dada yetu na litamvika nani baada yake. Mabibi arusi wale waliitana dada wa shela, na wangali wakiitana hivyo wanapokutana misibani. Kwa hiyo, tunapoulizwa ni nguo ipi iliyo yetu, hatuwezi kujibu kwa kutazama ilikofumwa, maana kwa njia hiyo hata merikani, leso na kisutu vitatuponyoka. Tunatazama nani aliinunua, akampa nani, na baada ya siku ile ilikwenda wapi. Walimu wanaofundisha historia ya karne ya 19 wangeweza kuwatuma wanafunzi wao nyumbani na maswali hayo matatu. Masanduku ya bibi zao yangali yana nguo, na wenye kuyaeleza wanapungua.

Binti yetu alivaa vyote viwili. Jumamosi alivaa shela, akapendeza, na picha zikapigwa mpaka usiku. Usiku wa kuamkia Jumapili shangazi yake, yule aliyeolewa mwaka 1983, alimfunga kisutu kipya chini na kumtanda kile cha Pangani juu, kikuukuu juu ya kipya. Jumatatu saa nne asubuhi tulilirudisha shela dukani. Kijana wa duka alililaza mezani akaukagua upindo wake kwa kidole, shubiri kwa shubiri, nasi tumesimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Amana tulirudishiwa. Wiki mbili baadaye tulialikwa harusi nyingine Temeke, na bibi arusi alipoingia ukumbini mama mtoto alitubana mkono. Lilikuwa ni lile lile, tulilitambua kwa ushanga uliopungua bega la kushoto. Tulitaka kwenda kumwambia, kisha tukaona hatumjui.